Binti yangu amekatazwa ngano na maziwa, na mimi kazi yangu ni maandazi. Asubuhi nimpe nini?

Mpika maandazi, Makorora

Assalam aleikum wanajukwaa, na wengine wote habari za jioni.

Nina binti wa miaka minane. Mwaka jana wote alikuwa anaharisha, tumbo limejaa, mikono imekuwa kama vijiti, na kila akipimwa damu ni pungufu. Tulimpa dawa za minyoo mpaka nikachoka kuhesabu. Mwisho tukaenda Dar es Salaam, akatolewa damu, kisha akaingizwa kamera kwa mdomoni na kunyofolewa kipande kidogo cha utumbo. Ndipo tukaambiwa ana siliaki. Yaani akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, mwili wake unaushambulia utumbo wake mwenyewe. Asile hata chembe, maisha yake yote. Maziwa nayo ayaache kwa sasa.

Tukapewa karatasi ya vyakula. Ina kinoa, maziwa ya lozi, mkate maalumu. Nikaingia duka kubwa nikaona pakiti ya unga usio na ngano, nusu kilo, shilingi 18,000. Nimeirudisha mahali pake nikatoka, na njiani nililia.

Mchana na usiku sina shida sana, maana sisi watu wa Tanga ni wali, samaki, mboga ya nazi. Shida yangu ni asubuhi, na mkoba wa shule. Naamka saa tisa usiku, nakanda kilo nne za ngano, saa kumi na mbili wateja wako mlangoni. Mtoto amekua na andazi mkononi. Juzi nimemkuta nyuma ya pipa la maji anakula moja la jana. Hakukimbia, alinitazama tu. Usiku ule tumbo lilimsokota mpaka alfajiri, na mimi nimekaa naye nikijua ni andazi langu.

Chai ya asubuhi kwa watu watano natenga kama 3,000. Nataka kitu ambacho nyumba nzima itakula pamoja naye, sitaki awe na sahani ya peke yake kama mgonjwa. Na chapati anaililia kila Ijumaa. Nifanyeje?

Bibi wa Pangani

Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Futa machozi. Mambo ya utumbo waachie madaktari, lakini chakula cha asubuhi kisicho na ngano wala maziwa ndicho nilicholelewa nacho. Sisi tukiwa wadogo ngano ilikuwa ya sikukuu.

Anza na mkate wa kumimina. Nenda soko la Mgandini uulize mchele chenga, ule uliovunjikavunjika. Ni rahisi kuliko mchele mzima, na kwa kuwa unakwenda kuusaga, kuvunjika kwake hakukuhusu. Chukua nusu kilo, uchambue, uuloweke tangu magharibi. Nazi moja kubwa, ikune, uchuje tui bubu kwanza, usiongeze maji mengi. Saga mchele kwa tui hilo kwenye blenda mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie mchanga. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaharakisha, mkate unatoka wa kukwaruza koo. Tia sukari robo tatu ya kikombe, iliki, hamira kijiko kidogo cha chai. Funika. Ukiumuka, tia ute wa yai moja, ukoroge taratibu.

Sufuria nzito uipake mafuta, iache ipate moto kweli, ndipo umimine. Utasikia inalia. Punguza moto. Ukiona vitundu vimetokeza juu, funika mfuniko wenye makaa, kama nusu saa. Usifunue funue. Ukikata uone vitundu virefu vimesimama kama sega la nyuki, umeshapika.

Hesabu yake kwa bei za huku kwetu: chenga nusu kilo 1,000, nazi 1,000, sukari na yai na hamira hazifiki 800. Iliki unanunua mara moja unatumia mwezi. Watu watano wanakula, na kipande cha shule kinabaki.

Vitumbua ni mchele huo huo na tui hilo hilo, lakini sikiliza hapa. Wapishi wengi wa siku hizi wanaongeza vijiko viwili vitatu vya ngano ili kitumbua kishikane. Kwa hiyo vya kununua barabarani asile mpaka umemuuliza mpishi. Wewe ukisaga, changanya konzi moja ya wali wa jana. Wali ule unashika bila ngano, na kitumbua kinabaki laini mpaka mchana.

Siku ambayo hela haipo, bandika mbaazi za nazi au kunde, umpe na muhogo wa kuchemsha au magimbi. Na bada usiisahau. Watoto wa mjini wanaidharau, lakini bada ya unga wa muhogo kwa mchuzi wa chukuchuku, samaki, chumvi, ndimu na pilipili ya kunukia, mimi mpaka leo ndiyo inayonipa nguvu. Ila unga wa muhogo nunua kwa mtu unayemfahamu. Muhogo mchungu usipolowekwa na kuanikwa sawasawa una sumu, na mtoto ambaye tumbo lake limeshaumia hapaswi kujaribiwa.

Chapati sasa. Chemsha maji yenye chumvi na mafuta kidogo, yachemke kwelikweli. Mimina unga wa mchele, songa kama ugali mgumu, epua, funika kidogo. Ukande ungali wa moto, mikono upake mafuta. Usiposonga kwa maji ya moto hautashikana, utapasuka tu, maana ile nguvu ya kuvutana imo kwenye ngano. Tengeneza vidonge vidogo, sukuma katikati ya vipande viwili vya nailoni, choma kwenye chuma kikavu. Haitakuwa na matabaka kama ya ngano, mwambie mtoto mapema asingoje matabaka. Lakini kwa mchuzi wa kuku wa kupaka atakunja na kuchovya kama wenzake.

Fundi baiskeli, Ngamiani

Dada, mimi nina ugonjwa huo huo, tangu 2019. Bibi amesema yote ya jikoni, shikamoo bibi. Mimi nataka kukuonya kuhusu njia ambazo ngano inaingia bila kuitwa, kwa sababu mwaka wa kwanza niliacha mkate na bado nilikuwa naumwa, nikadhani madaktari wamekosea.

La kwanza ni mashine ya kusaga. Nilikuwa napeleka muhogo wangu na mtama wangu, safi kabisa, mashine ambayo dakika kumi kabla imesaga unga wa lishe. Unga wa lishe watu wengi huchanganya ngano humo. Mabaki yote yalikuwa yanashuka kwenye ndoo yangu. Sasa natwanga kwenye kinu changu na kuchekecha kwa chekeche langu, au nasaga kwa blenda. Ni kazi, mkono unauma, lakini tangu hapo nimenenepa. Na uji wa lishe wa kununua usimpe. Mchanganyie mwenyewe ulezi, mchele na karanga.

La pili ni mafuta. Bhajia za kunde hazina ngano, muhogo wa kukaanga hauna ngano, lakini kama karai hilo limetoka kukaanga maandazi au sambusa, ni sawa na kula andazi. Hili kwako ni zito zaidi kuliko kwangu kwa sababu ya biashara yako. Karai lako la maandazi na mafuta yake yasiguse chakula chake kabisa.

Unga unaopaa nao ni hatari. Ukikanda kilo nne ndani, vumbi lake linatua kwenye vikombe, kwenye mto wa mtoto, kwenye kanga yako. Kama una uwezo wa kukandia nje au kwa jirani, fanya hivyo. Ukimaliza badilisha nguo, nawa mpaka kwenye viwiko, ndipo ushike chakula chake. Mwiko wa mbao, kinu, mbuzi ya nazi, chungio na ubao awe na vyake, kwa kuwa mbao na matundu madogo havisafishiki. Sahani na sufuria za bati zinatosha kuoshwa vizuri kwa sabuni.

Kwenye shughuli, pilau mara nyingi ni salama ukimuuliza mpishi kama ametia viungo vya pakiti, kwa sababu vingine vina unga wa ngano. Bokoboko ni ngano yenyewe, watu husahau kwa kuwa inaonekana kama uji wa nyama. Katlesi na kababu huwa na mkate. Sosi ya soya nyingi zina ngano. Tambi nazo ni ngano, isipokuwa pakiti imeandikwa wazi kwamba ni za mchele. Mfundishe mtoto kutambua kwenye pakiti maneno manne yanayoandikwa kwa Kiingereza: "wheat" yaani ngano, "barley" yaani shayiri, "rye" yaani rai, na "malt" yaani kimea, ambacho mara nyingi ni cha shayiri. Wangu wa kwanza kunisomea pakiti alikuwa mwanangu wa darasa la pili.

Muuguzi, Bagamoyo

Mama, hongera kwa kufikisha mtoto kwenye vipimo, wengi hawafiki.

Kuhusu maziwa. Ngozi ya ndani ya utumbo mdogo ndiyo inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ikichubuliwa na gluteni, maziwa hayasagiki, mtoto anajaa gesi na kuharisha. Utumbo ukipona, watoto wengi hurudi kwenye maziwa, lakini ni suala la miezi, na daktari wake ndiye aseme lini. Muulize pia kama aliyakataza kwa sababu hiyo au kwa sababu ya mzio wa maziwa, maana mwenye mzio hata samli na siagi aviepuke.

Kwa sasa mpe dagaa na uono anaoweza kutafuna na mifupa yake, hapo anapata madini ya mifupa ambayo angeyapata kwenye maziwa. Nyunyizia ufuta kwenye mkate wa kumimina. Tui la nazi linafaa sana kwa mapishi na linampa nguvu, ila halina madini hayo kama maziwa, kwa hiyo lisimfanye aachishwe dagaa. Kwa damu yake mpe maini, kunde na kisamvu, na chungwa pembeni kila mara, hapo jirani yenu Muheza hayakosekani. Chai asinywe pamoja na chakula, inazuia damu kupata madini ya chuma. Asubiri kama saa moja.

Halafu ndugu zake. Ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, wapimwe hata kama hawaumwi. Lakini msiwaachishe ngano kabla ya kipimo. Wakiiacha, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hawana kumbe wanao.

Mpika maandazi, Makorora

Bibi, shikamoo. Kaka fundi, dada muuguzi, Mungu awalipe. Zimepita wiki tatu, nimerudi kuwaambia.

Mkate wa kumimina wa kwanza uliungua chini na katikati ulikuwa mbichi, nilifunua funua. Wa pili ulitoka. Sega la nyuki kama alivyosema bibi. Mume wangu alikula vipande vitatu akiwa amesimama, akauliza kesho vipo. Sasa siku nne kwa wiki ni huo, siku mbili vitumbua vya wali wa jana, siku moja mbaazi na muhogo. Uji wa mchele wa tui namtilia ndimu, anaupenda kuliko nilivyotegemea.

Chapati imenishinda mara mbili. Maji yangu yalikuwa ya moto lakini hayajachemka. Mara ya tatu niliyaacha yakachemka kwelikweli, zikatoka nane, moja tu imepasuka. Aliitazama kwanza, akaikunja, akachovya. Akasema si kama ile, lakini ni nzuri. Nimeridhika na neno hilo.

La kukanda nimelihamisha. Wifi yangu mtaa wa pili ana kibaraza, nakwenda kukandia na kukaangia huko, narudi nimeoga. Nalipa mkaa wake, faida imepungua kidogo. Wateja wawili wa zamani wamenifuata huko, wengine nimewapoteza. Nimepata wapya wanaotaka vitumbua, na hivyo navipika nyumbani kwenye chuma kipya ambacho hakijaona ngano.

Wadogo zake wawili tunawapeleka kupimwa mwisho wa mwezi, na bado wanakula maandazi kama kawaida, dada muuguzi, nimekuelewa. Hilo ndilo gumu sasa, kuwapa mbele ya dada yao. Tumekubaliana wanakula kwa shangazi yao wakienda shule.

Tumbo lake limepungua. Siku kumi na moja hajaharisha, nazihesabu ukutani kwa mkaa. Mwiko wake ameufunga uzi mwekundu mwenyewe, na mtu akiushika bila kunawa anapiga kelele mpaka nyumba ya tatu wanasikia.