Muuza oili uliyeniahidi lori langu la 6x6 (magurudumu yote yanasukuma) litapunguza theluthi ya dizeli, jitokeze hapa

Wakuu, nimevumilia mpaka basi. Huku Mafinga kuna jamaa anazunguka gereji kwa gereji na madumu ya oili sintetiki. Anawafuata wenye malori yaliyotoka jeshini: mwaga oili ya injini, gia boksi na difu (gia za kwenye ekseli), weka yake, dizeli inashuka theluthi nzima. Theluthi! Ukimbana anatoa simu, anakuonyesha picha za malori ya jeshi la Marekani.

Haya, tumwongelee huyo Mmarekani wake. Jeshi lile lilihangaika na oili hizi kwa sababu Iraki na Afghanistan misafara ya mafuta ilikuwa inashambuliwa njiani, na kila lita ilifika kwa gharama kubwa. Ukiwa na maelfu ya malori ya 6x6 kama M1083 yao, hata asilimia moja au mbili ni mafuta mengi. Ni asilimia moja au mbili ndugu zangu, theluthi haipo.

Na upimaji wenyewe una adabu zake. Utaratibu wa SAE J1321, ule wa wahandisi wa magari wa kupima ulaji wa mafuta wa malori, unataka malori mawili yaende pamoja, moja limebadilishwa oili, lingine halijaguswa. Njia ile ile, mzigo ule ule, kila gari na dereva wake yule yule, na mafuta yanapimwa kwa mzani. Huyu wetu alipimaje? Kabla ya oili yake, gari langu lilikuwa linatoka msitu wa Sao Hill na magogo, tope hadi kwenye habu, gia ya chini mwanzo mwisho. Baada ya oili, akasema tujaribu: likaenda Makambako tupu, lami kavu. Akarudi anachekelea na kikokotoo mkononi. Kwa mtindo huo hata ungeweka mafuta ya alizeti ungeona nafuu!

Sikatai kwamba sintetiki ina kazi. Gari la 6x6 lina difu tatu na transfa (boksi la kugawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma), zote zinakoroga oili saa zote, na kwa baridi yetu ya Juni ile oili ya gia ya 80W-90 (namba za uzito wa oili) ya kawaida asubuhi inakuwa uji. 75W-90 sintetiki inapunguza huo mkorogo. Lakini dizeli inaliwa na uzito, milima, tairi za meno makubwa, na joto linalopotelea kwenye ekzosi na rejeta. Hayo oili ya difu inayagusa wapi?

Kilichoniuma kabisa ni gia boksi. Bamba lake limeandikwa GL-4, yaani daraja la oili ya gia linalotakiwa. Yeye kamimina GL-5 ile ile ya difu, wakati sinkronaiza za humo (pete zinazosaidia gia kuingia bila kugongana) ni za shaba, na dawa za salfa kwenye baadhi ya GL-5 zinaila shaba taratibu. Sasa gia namba tatu haiingii bila makelele. Fundi kafungua nati ya chini, oili imetoka na unga wa njano unaomeremeta kiganjani. Nampigia jamaa, ananijibu eti "gari lako mzee limechoka". Limechoka baada ya oili yako?

Nataka hela ya oili na hela ya sinkronaiza, zote. Dumu lenyewe nimelikagua leo: halina alama ya API (shirika la Marekani linalopanga madaraja ya oili), halina namba ya toleo, lina namba ya simu tu ambayo tangu juzi haipatikani.

Wewe uliyewekewa kwenye gia boksi, mwaga kabla hujapakia tena. Na mwenye namba yake mpya anitumie PM.