Kulala msituni bure: vinguzo vya namba vimeingia, sasa tunakwenda wapi?

Kutoka: Mama wa watatu, Aurora, Colorado

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu.

Kila kiangazi familia zetu nne hupanda milimani na mahema. Hatujawahi kukata nafasi wala kulipa. Unaacha lami, unaingia njia ya vumbi ya msitu wa taifa, ukiona uwazi mzuri unashusha vitu. Jumamosi iliyopita tulikuta pale tulipozoea pamezibwa kwa mawe makubwa, na kando ya njia kuna vinguzo vya kahawia vyenye namba na picha ya hema. Kila namba ilikuwa imeshakaliwa. Renja alituambia, kwa upole tu, kwamba nje ya namba hakuna kulala tena. Kambi ya kulipia iliyo karibu, hiyo nayo imejaa, watu walishika nafasi miezi mingi nyuma. Tukageuza magari usiku, watoto wanalia.

Je, ni kote au ni pale tu? Na Labor Day, ile sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzo wa Septemba, inakuja, familia nne zitapata wapi pa kukaa pamoja?

Kutoka: Kaka wa Salt Lake City

Pole sana dada. Huku Utah ni yaleyale. Karibu na Moab sehemu nyingi sasa unalala palipowekwa alama tu, na kwingine lazima uwe na choo chako cha kubeba, hakuna kufukia. Mimi naona wanataka tulipe, basi. Ardhi inaitwa ya umma, lakini mwenye watoto wanne na mshahara wa saa ndiye wa kwanza kurudishwa njiani.

Kutoka: Baba Mkubwa, Fort Collins

Dada wa Aurora, pole kwa safari. Nimekaa Colorado miaka mingi na huwa najitolea na vikundi vya kuokota taka misituni, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa urefu.

Si kote. Forest Service, wasimamizi wa misitu ya taifa, wana kama ekari milioni 193, na BLM, wale wa ardhi za shirikisho zisizo misitu wala hifadhi, wana kama ekari milioni 245, nyingi zikiwa huku Magharibi. Sehemu kubwa ya eneo hilo bado unalala bure. Sisi tuliozoea kwamba kuingia Serengeti na hema lazima ulipe kiingilio na ulipe kambi, tunapaswa kujua kwamba hii ni neema kubwa. Kinachobanwa ni pale karibu na miji na karibu na mandhari zenye jina. Mabonde yanayozunguka Crested Butte yamewekewa namba. Sedona, Arizona, vivyo hivyo, unakaa kwenye maeneo yaliyotengwa tu. Shadow Mountain kule Wyoming, pale unapofungua hema asubuhi ukauona mlima Grand Teton mbele yako, kiangazi ni siku 5 badala ya zile 14 za kawaida.

Kaka wa Utah, hapo kwenye pesa sikubaliani nawe. Vinguzo vingi hivyo ni bure. Anayewahi ndiye anayekaa. Mimi nimeona kilichovileta. Mahali palipokuwa na duara moja la mawe ya moto, baada ya misimu michache yamekuwa manane. Kila gari linalokuta pamejaa linasogea mita chache ndani ya majani, majani yanakufa, mvua ya mawe ya Julai ikipiga udongo wote unaingia kijitoni. Ukienda nyuma ya misonobari unakuta karatasi za chooni zimekandamizwa na kijiwe, moja, mbili, kumi, na hatua chache kutoka hapo mtu anachota maji. Nimeziokota kwa koleo na mfuko, najua ninachosema. Ule wingi wa watu wa 2020, kambi rasmi zilipofungwa kwa korona na watu wakaanza kufanyia kazi za ofisini ndani ya magari, haukurudi nyuma ulikotoka. Na programu za simu zinazoonyesha pa kulala bure zinawapeleka watu mia kwenye kona moja iliyokuwa ikijulikana na wenyeji watano.

Kisha kuna moto. Julai 2016, juu ya mji wa Nederland hapa Colorado, wapiga kambi waliacha moto wao bila kuuzima sawasawa. Nyumba 8 ziliungua. Ukikaa kwenye miji ile, huwezi kumlaumu mtu anayeogopa moshi wa mgeni.

Ninapoilaumu serikali ni hapa: namba na mawe ya kuziba njia ni rahisi kuliko kuajiri watu. Februari 2025 Forest Service waliachisha kazi watumishi wengi waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio, na wengi wao ndio waliokuwa wakisafisha vyoo, wakikagua mioto na kuwaelekeza watu kama huyo renja wa dada yetu. Ukiondoa mtu wa kuelekeza, kinachobaki ni kufunga. Na wanaoumia kwanza ni wale ambao hawana uwezo wa kushika nafasi ya kulipia miezi sita mbele, kwa sababu ratiba ya zamu zao hawaipati hata wiki mbili mapema. Hilo linaniuma.

Sasa dada, Labor Day. Sikutajii mahali, na tafadhali msitumiane pini za ramani humu, maana ndivyo mahali panavyokufa. Shika njia hii badala yake. Kila wilaya ya msitu hutoa bure ramani ya njia za magari, wenyewe wanaiita MVUM. Ipakue kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, programu ya Avenza inazo na inakuonyesha ulipo hata bila mtandao. Angalia njia zenye vidoti pembeni: hizo ndizo unazoruhusiwa kutoka na gari ukapiga kambi, na maelezo ya pembeni mwa ramani yanasema unaruhusiwa kwenda umbali gani kutoka njiani. Halafu piga simu ofisi ya wilaya hiyohiyo, si makao makuu, siku ya kazi. Uliza mambo matatu: pa namba ni wapi, vizuizi vya moto viko hatua gani, na njia gani imeharibika. Kanuni ni za wilaya kwa wilaya, zinabadilika katikati ya msimu. Ushauri wa rafiki wa mwaka jana usiutegemee, hata huu wangu.

Wikendi ya sikukuu, atakayefika Ijumaa jioni amechelewa. Mtangulize mtu Alhamisi, na asizuie namba nne kwa viti vitupu, hilo nalo linakatazwa sehemu nyingi na linaleta ugomvi. Familia nne zikubali kugawanyika namba mbili mbili zilizokaribiana. Au nendeni mbali zaidi na Denver, saa mbili za ziada barabarani zinapunguza watu kwa namna ambayo mtashangaa.

Na nyama choma. Najua mtaibeba. Vizuizi vya moto vikiwa hatua ya kwanza tu, jiko la mkaa haliruhusiwi huko nje, hata liwe na miguu, hata liwe na mfuniko. Mkaa unabaki kwenye majiko ya chuma yaliyojengwa ndani ya kambi rasmi. Jiko la gesi lenye kitasa cha kufungia linaruhusiwa. Basi kata nyama ndogondogo, kaangeni kwenye gesi, ugali upikwe hapohapo. Kinyesi kifukiwe sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini, na karatasi irudi nyumbani kwenye mfuko. Wafundisheni watoto hilo kabla ya kuwafundisha kufunga hema.

Kutoka: Kijana wa Bukavu, kwa sasa Denver

Jambo wazee. Mimi napeleka chakula na gari, kodi ya nyumba ilinishinda tangu Aprili. Nalala ndani ya gari, nyuma ya maduka, na kila usiku walinzi wananiamsha. Nimesoma hapa siku 14 bure. Nikihama kila siku 14, msitu mmoja hadi mwingine, naweza kufika mpaka baridi? Niko na ombi langu la ukimbizi, sitaki shida na serikali.

Kutoka: Dada Mkubwa, Oregon

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza. Nakujibu ninavyojua kutokana na kuwasindikiza wageni ofisini na mahakamani huku.

Kwenye ardhi nyingi za BLM ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unatakiwa usogee mbali, mara nyingi maili 25 au zaidi. Kwenye misitu, hata ukihamahama, wakiona umeufanya msitu makazi wanaweza kukuandikia faini, maana kuishi humo bila kibali ni kosa peke yake. Huku kwetu, kusini mwa mji wa Bend, walikuwepo watu wengi wakiishi kwenye magari na trela njia ya China Hat. Mei 2025 msitu wa Deschutes ukafunga eneo hilo kwa ajili ya kazi za kupunguza hatari ya moto, na wote wakaambiwa watoke. Walikuwemo wenye kazi, walikuwemo wagonjwa.

Sikiliza hili vizuri zaidi: karatasi ya faini ya huko ni ya shirikisho. Usiiache kwenye dashibodi. Usipolipa na usipofika siku uliyoitwa, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata. Na siku ukijaza fomu ya uraia, N-400, utaulizwa kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Faini ya kambi peke yake si mwisho wa dunia, ila wakili wako aione mapema, na usiifiche.

Usiku huu piga 211, ni simu ya bure ya msaada wa makazi. Ukisema unataka mkalimani wa Kiswahili wanatafuta. Kesho rudi kwa watu wanaoshughulikia ombi lako. Nanyi wa Denver na Aurora, kuna mwenye chumba, au hata ua lenye geti ambamo kijana huyu anaweza kuegesha kwa amani? Aniandikie pembeni.

Kutoka: Mama wa watatu, Aurora

Kijana, sisi tuna ua. Nimemwandikia Dada Mkubwa.

Kutoka: Katibu wa mkutano wa kiangazi

Asanteni wote. Naongeza moja kwa ajili ya mkutano wetu wa Agosti, maana mwaka jana tulijaza bustani ya jiji na safari hii wengi mmeomba twende msituni. Kundi la watu 75 au zaidi kwenye msitu wa taifa linahitaji kibali. Ni bure, ila maombi yafike angalau saa 72 kabla, na watazamaji nao wanahesabiwa, kwa hiyo wake, waume, watoto na wageni wa wageni wote wamo. Mimi nitapeleka mapema zaidi ili wilaya itupangie pa kuegesha na tukodi vyoo. Kila familia initumie idadi ya watu na ya magari kufikia tarehe 10. Mwenye gari la kuvuta trela ajitaje, vyoo lazima vifike kabla ya watu.