Jean-Paul Goude na matangazo ya manukato: mwongozaji huanzia wapi?

Mhariri wa Picha aliuliza:
Wanajukwaa, ninahariri matangazo ya biashara na ninatamani kuhamia kwenye uongozaji. Nimekuwa nikitazama kazi za Mfaransa Jean-Paul Goude, hususan tangazo la manukato ya kiume ya Égoïste alilowatengenezea Chanel, kampuni ya Kifaransa ya mitindo na manukato, mwaka 1990. Ridley Scott naye aliwahi kuwafanyia kazi Chanel, lakini yeye tunamjua zaidi kwa sinema. Goude jina lake limejengwa na matangazo na picha. Mtu wa namna hii hufikaje huko?

Mchoraji Mstaafu alijibu:
Ndugu Mhariri, Goude alianzia kwenye penseli. Alikuwa mchoraji, kisha akaenda New York kusimamia sanaa ya jarida la Esquire, kazi inayomlazimu mtu kuiona picha nzima kichwani kabla mpiga picha hajaitwa. Ile picha ya mwanamuziki Mjamaika Grace Jones akiwa amesimama kwa mguu mmoja, iliyokuja kuwa jalada la santuri mwaka 1985, ni mkao usiowezekana kwa mwili wa binadamu: Goude aliikatakata na kuiunganisha upya kwa mkono, akirefusha viungo, kabla kompyuta hazijaingia katika kazi hiyo. Kwa Égoïste alijengewa huko Brazil ukuta mzima wa mbele wa hoteli ya kifahari, ili wanawake wafungue na kubamiza madirisha kwa pamoja, wakimlaani mwanamume asiyeonekana, huku muziki wa mtunzi Mrusi Prokofiev ukinguruma. Manukato yenyewe hutokea mwishoni, yakiwa mkononi tu. Kwa maoni yangu, hata Chanel wasingethubutu kulipia ukuta ule kama mwaka mmoja kabla yake asingekuwa amesimamia gwaride la miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa katika barabara ya Champs-Élysées jijini Paris, gwaride ambalo ndani yake mwimbaji wa opera Jessye Norman aliimba wimbo wa taifa akiwa amevikwa rangi za bendera.

Dada wa Maktaba alijibu:
Ninakubaliana na Mchoraji kuhusu ufundi, ila tusimsifu huku tumefumba jicho moja. Goude huyohuyo alimpiga picha Grace Jones ndani ya kizimba, akinguruma mithili ya mnyama wa porini. Zaidi ya miaka kumi baadaye, katika tangazo la Coco, manukato mengine ya Chanel, akamweka mwimbaji Mfaransa Vanessa Paradis ndani ya tundu la dhahabu, akiwa na manyoya na kupiga mluzi kama ndege anayeenziwa. Wote wawili wamefungiwa, lakini Mzungu amepewa bembea na mweusi amepewa nyama mbichi. Anayetaka kujifunza kwake ajifunze na hilo, kwa sababu taswira za biashara ya anasa huzunguka dunia nzima na kutufikia sisi pia.

Mchoraji Mstaafu alijibu:
Dada, hoja yako ni nzito na siipingi. Ningeongeza tu kwamba Grace Jones hakuwa sanamu ya kupambwa: alikuwa mwenzi wake, wakazaa mtoto, na sauti, mwendo na ukali tunaouona pale ni vyake mwenyewe, ingawa sifa nyingi zimebaki kwa aliyeshika mkasi. Ndugu Mhariri, wewe tayari unajua kukata picha; kinachokosekana ni daftari la michoro, nami ningekushauri uchore tangazo zima, fremu kwa fremu, kabla hujamwendea mteja yeyote.