Mrejesho: hoti rodi yangu ya bei poa, Mtwara

Wakuu, mwezi wa sita niliuliza hapa kama milioni nne zinatosha kuunda hoti rodi, yale magari Wamarekani waliyokuwa wakiyakata kutoka Ford za 1932 na kuacha injini wazi. Nilikuwa na bodi ya Corolla KE70 niliyoipata Mikindani. Mmoja wenu alinionya: ile haina chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, ukikata paa inalegea. Nikabisha. Tulipokata, ikabonyea katikati na mlango haukufunga tena. Chini nako hewa ya bahari ilishamaliza kazi. Bisibisi ilizama hadi mpini.

Nimeanza upya na chesisi ya Hilux kuukuu kutoka Masasi, laki tisa, pamoja na injini yake ya 3Y, cc 1,998, ya kabureta. Si V8, ile ya silinda nane, najua, msinicheke. Ila fundi yeyote hapa anaijua. Difu (gia za ekseli ya nyuma) na breki sijazigusa.

Fundi wa kuchomelea alitaka kufupisha chesisi kwa kuikata wima. Mzee mmoja pale gereji akamzuia: kata mshazari, weka bamba ndani, la sivyo mtikisiko wote unaangukia mstari mmoja. Tumemsikiliza. Bodi tunagonga kwa bati la mapipa.

Hadi sasa 3,150,000 imekwenda, bado matairi na rangi, hivyo nasubiri hela ya korosho. Mama watoto anauliza watoto watakaa wapi. Viti ni viwili tu, nikamwambia, kimoja changu. Hajanijibu tangu juzi.