Kilifi nimeitwa, Nairobi ndiko roho iliko. Naomba ushauri, nina hadi Ijumaa

Mwana_Mkomani:
Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni kijana wa Lamu, nimemaliza fomu foo na nimepata B-. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wameniita Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, baiolojia ya bahari. Haikuwa chaguo langu la kwanza, lakini ndiyo iliyoniangukia.

Upande wa pili nina barua ya chuo kimoja cha kibinafsi Nairobi, Uhusiano wa Kimataifa. Jina naliacha. Nilikwenda kukitazama nilipokuwa kwa binamu yangu South C. Wallahi nilipopita getini nilijiona mtu mwingine. Maktaba saa mbili usiku imejaa, na watu wanasoma kweli, si kulala. Chini ya mti kuna kikundi kinabishana habari za Sudan, msichana mmoja akanigeukia, "na wewe waonaje?" Hanijui, simjui. Nikajibu, na wote wakanyamaza kunisikiliza. Kwetu mimi nikisema kitu mezani huambiwa nipitishe chumvi.

Pwani nimeingia ndani siku moja tu, jua la saa saba, nikakuta watu wawili na mbuzi.

Nairobi ada ni shilingi 140,000 kwa muhula, chumba na chakula mbali. Swali langu ni hili: mazingira ya chuo yana uzito gani ukiyapima na gharama, na kazi ya baadaye? Nina hadi Ijumaa kuamua.

Kibaoni_Damu:
Mbuzi wetu tuachie 😂. Mimi nimesoma Pwani tangu hakijawa chuo kikuu kamili, tukiwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kabla ya 2013. Wewe ulikwenda likizo, kaka. Njoo wiki ya uchaguzi wa wanafunzi uone kama utapata pa kukanyaga. Tulipanga chumba Kibaoni watu watatu, kitanda kimoja na godoro la chini, maji ya mtungi, asubuhi mahamri na mbaazi kwa mkopo. Aliyekuwa akilala kwenye lile godoro leo ni daktari wa falsafa. Mimi niliyelala kitandani nauza simu. Sasa mazingira yapi hayo?

Nahodha_Mstaafu:
Mwanangu, mimi 1998 niliitwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Nimetoka Pate na kikoi na ndara, nimefika saa kumi na moja alfajiri, baridi inatoboa. Mzee mmoja wa Kikalenjin akanipa koti lake pale stendi, mpaka leo ninalo. Muhula mzima sikuelewa kitu darasani, nilikuwa nafikiria samaki tu. Wenzangu walikuwa wakinywa mursik, maziwa yao ya mgando, na kusifia, mimi natafuta nazi mji mzima. Lakini nilimaliza.

Mwana_Mkomani:
Shukran ami, lakini hujajibu swali.

Nahodha_Mstaafu:
Nimejibu. Vaa koti.

Hesabu_Haikubali:
Tuwekane sawa. 140,000 mara mihula miwili, mara miaka minne, ni 1,120,000. Hapo hujala wala hujalala. Sasa Pwani: kwa mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, wanafunzi huwekwa kwenye bendi tano kulingana na uwezo wa nyumbani. Bendi ya kwanza, familia inatoa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Bendi ya tano, asilimia 40. Kinachobaki serikali inatoa ufadhili na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inatoa mkopo. Wewe uko bendi gani?

Mwana_Mkomani:
Ya tatu.

Hesabu_Haikubali:
Ufadhili 50, mkopo 30, nyumbani 20. Kozi ikiwa laki mbili kwa mwaka, kwa mfano, baba yako anatoa elfu arobaini. Huko kwa kibinafsi ulikojipeleka mwenyewe ufadhili haukufuati. Hapa hakuna cha kuomba ushauri.

Mama_Swafiya:
Hesabu nzuri, lakini mwanangu hujatuambia nani analipa hiyo milioni.

Mwana_Mkomani:
Pesa ni ya familia, hilo limeshatengenezwa. Naomba tubaki kwenye mazingira. Mtu akisoma mahali anapoheshimiwa hufaulu zaidi, hilo halina ubishi.

Tuktuk_Malindi:
Ubishi upo, mdogo wangu. Mimi nina shahada hiyohiyo ya Uhusiano wa Kimataifa, tena ya daraja la juu. Chuo kilikuwa na bustani na chemchemi, tulikuwa tukipigia picha hapo. Niliporudi nilituma barua za kuomba kazi mpaka mwenye saiba (duka la intaneti) akawa ananiuliza hali ya mama. Leo naendesha tuktuk, na kinachonilisha si shahada, ni Kitaliano nilichookota ufuoni nikiwa mtoto. Mzungu akishuka uwanja wa ndege wa Malindi nikamwambia "buongiorno, dove andiamo", wenzangu wote wanabaki wameshika usukani. Hao ndio uhusiano wangu wa kimataifa.

Lakini sikudanganyi, miaka ile minne nilifurahi sana. Sijui uiweke wapi hiyo.

Mwana_Mkomani:
Umeona? Hata wewe umekiri ulifurahi.

Tuktuk_Malindi:
Nimesema pia naendesha tuktuk. Hiyo umeiruka.

Samaki_Mkavu:
Na baiolojia ya bahari msiidharau. Nafanya kazi na BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, huku kwetu. Watu wanaojua kuhesabu kamba wa baharini na kupima matumbawe, na wakati huohuo wanaweza kukaa na mvuvi wa Faza wakaelewana, ni wachache. Anakuja mtaalamu kutoka bara, anauliza wazee maswali kwa karatasi, wazee wanamjibu "ndiyo" kwa kila kitu ili aondoke. Mtoto wa Amu, yaani Lamu, hawezi kudanganywa hivyo. Ajira si rahisi, hilo nalisema wazi. Bandari ya Lamu ilipofunguliwa gati la kwanza 2021 kila nyumba ilitarajia mtoto wao atavaa kofia ya plastiki, na unajua yaliyofuata. Lakini bahari ipo na masuala yake yapo, yanataka watu.

Mama_Swafiya:
Narudi pale pale. Limetengenezwa na nani? Mama yako anauza mahamri au ana meli? Halafu vyuo havifunguliwi wiki hii. Hiyo Ijumaa ni ya nini?

Mwana_Mkomani:
Haya. Nilijua mtafika huko.

Kuna nyumba ya bibi yetu, mzaa baba, Mkomani. Ya mawe, ya zamani. Mzungu mmoja anaitaka, na Ijumaa ndiyo siku anayorudi kutia saini. Arubuni ameshatoa. Kwenye hiyo arubuni nimelipa elfu hamsini za kushikia nafasi Nairobi, na hazirudishwi. Kabla hamjanirukia: nyumba yenyewe inakwisha. Boriti za ukumbini zimeliwa, ukilala unasikia vumbi likidondoka kwenye neti. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimepasuka, plasta inatoka kwa vipande vikubwa kama sahani. Kuitengeneza kwa chokaa na boriti za mkoko, kwa masharti ya mji wa urithi, ni pesa ambayo hakuna mwenye nayo kwetu. Ikianguka tutapata nini? Bora isomeshe mtu.

Mama_Swafiya:
Na bibi yuko wapi?

Mwana_Mkomani:
Yumo ndani. Tutampangia Wiyoni, chumba kizuri, karibu na shangazi.

Mama_Swafiya:
Anajua?

Mwana_Mkomani:
Anajua kuna mgeni wa kuja kutazama nyumba.

Maalim_Juu:
Subhanallah. Ndugu, bibi yu hai? Basi hapo hakuna mirathi. Mirathi hufunguka mtu akifa. Mpaka hapo nyumba ni mali yake, si ya baba yako wala ami yako wala chuo chochote. Kuuza mali ya mtu bila ridhaa yake kuna jina lake, na hilo jina mnalijua nyote. Vijana wa leo wanataka maktaba na bustani, lakini radhi ya mzazi haiko maktaba. Kaa na bibi, mpikie uji, mwambie ukweli.

Kibaoni_Damu:
Maalim, kijana aliuliza chuo.

Maalim_Juu:
Nami nimemjibu chuo.

Mwana_Mkomani:
Hati iko kwa jina la ami yangu mkubwa, Maalim. Bibi mwenyewe alimwandikishia zamani, babu alipofariki. Kisheria hakuna tatizo. Na si mimi ninayeuza, mimi nimepewa fungu langu nisome. Mbona hamwulizi binamu zangu wanaonunua pikipiki na fungu lao?

Mchunguzi_Tanga:
Samahanini wakuu, nimesoma tangu mwanzo na hii naiona chai, hadithi ya kutunga. Imekolea majani. Mgeni anapita getini, wasomi wanamwuliza habari za Sudan? Mimi nimesoma chuo miaka mitatu, hakuna aliyeniuliza hata saa. Kisha jina la chuo "naliacha". Huyu ni wakala. Kesho mtaona inboksi, "kaka, nimeona una mtoto wa fomu foo".

Hesabu_Haikubali:
Angekuwa wakala asingetaja ada kubwa hivyo.

Mchunguzi_Tanga:
Ndiyo mbinu yenyewe. Ngoja, nimefungua nyuzi zake za nyuma. Mwezi uliopita alikuwa akiuliza dawa ya presha isiyochosha. Mwaka jana aliuliza kama punda akikataa kupanda mashua apewe nini. Na kuna mahali ameandika "mke wangu wa pili". B- ya mwaka huu, presha, na mke wa pili! Hongera kijana.

Kibaoni_Damu:
😂😂😂 Punda alipewa nini lakini?

Tuktuk_Malindi:
Nilimhurumia bure. Mpaka chemchemi nimewatajia.

Mwana_Mkomani:
Akaunti si yangu. Ni ya ami yangu. Simu yangu imeharibika, natumia ya kwake. Yeye ndiye mwenye presha na punda. Mimi ni mimi.

Mama_Swafiya:
Ami yupi? Huyo mkubwa, mwenye hati?

Mwana_Mkomani:
Ndiyo.

Mama_Swafiya:
Basi sasa nimeelewa, au nimepotea kabisa. Anayeuza nyumba ndiye mwenye simu. Na Ijumaa ni yake. Jamani, mnaona ninachokiona? Huenda hapa hakuna kijana wala chuo. Yupo mtu mzima anayetaka watu wasiomjua wamwambie kwamba nyumba iuzwe kwa sababu mtoto asome. Akituonyesha sisi tumekubali, atakwenda kumwonyesha bibi.

Samaki_Mkavu:
Mama Swafiya, unatisha. Lakini ule mstari wa chumvi mezani ni wa kijana. Mtu mzima hawezi kuutunga.

Mchunguzi_Tanga:
Mtu mzima aliwahi kuwa kijana.

Nahodha_Mstaafu:
Mimi niliyoyasema ya Eldoret ni ya kweli. Koti ninalo.

Maalim_Juu:
Awe kijana au awe ami, hukumu haibadiliki. Kama ni ami: hati ya kuandikishiwa na mama mjane ili umshikie si sawa na zawadi. Nenda kwa kadhi, Lamu yupo, ukamweleze kama ulivyotueleza sisi.

Mwana_Mkomani:
Mimi nipo, nina miaka kumi na tisa, na nimechoka. Ami hajui kama nimeandika hapa, akijua ataninyang'anya simu. Mnasema nimwambie bibi. Nilimwambia jana usiku. Aliniuliza huko Nairobi kuna msikiti karibu, nikasema upo. Akauliza chakula, nikasema ghali. Akauliza kwani Kilifi si kuna mpwa wake, mke wa mwalimu, angenipa chumba bila kodi? Nikasema Kilifi pamelala. Akasema kama pamelala basi utasoma.

Ya nyumba sikumaliza kumwambia. Na elfu hamsini zimeshakwenda, hilo hamtaki kulisikia. Nikienda Kilifi nitamlipa nani hizo?

Hesabu_Haikubali:
Elfu hamsini ni za kushindwa kulala wiki mbili. Milioni ni za maisha. Andikia chuo uwaombe hata nusu, vingine hurudisha ukiomba mapema na kwa maandishi. Na usiache kuripoti Pwani tarehe waliyokupa, nafasi ikipita imepita.

Samaki_Mkavu:
Ukija Kilifi nitafute, kweli. Siku maji yamekupwa nitakupeleka ukaone watu wanavyobishana kuhusu samaki. Sudan ni cha mtoto.

Mchunguzi_Tanga:
Bado nasema chai. Lakini nimeinywa yote.

Dalali_Shela:
Samahani kuchelewa, nilikuwa safarini. Hiyo nyumba ni ile ya mtaa wa juu au ya karibu na maji? Mzungu wenu ametoa ngapi? Nina Mbelgiji hapa, analipa taslimu, na hana haja bibi ahame.

Mama_Swafiya:
Modereta, funga uzi.

Kibaoni_Damu:
Usifunge, punda hatujajibiwa.