Salome: wa Saida au wa Diamond na Rayvanny? Leteni hoja, ushabiki uacheni nyumbani

Mwana_wa_Kabwe
Jana nimepanda bajaji Kabwe naenda Uyole. Dereva, dogo wa miaka ishirini hivi, kaweka Salome ya Diamond na Rayvanny, ile ya 2016. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya parachichi akamwambia, "Mwanangu, huo wimbo una mwenyewe." Dogo akajibu bila kugeuka, "Mwenyewe si ndiye huyu anaimba?" Basi ikawa vita mpaka nikapitilizwa kituo. Nauliza sasa: Maria Salome wa Saida Karoli wa 2001 na huu, upi mtamu?

Kaseti_Upande_B
Hapo hakuna cha kujadili. 2001 nilikuwa bweni Iringa. Bweni zima redio moja, betri tunazianika dirishani asubuhi zipate jua, jua lenyewe la Juni mnalijua. Kaseti ikilegea tunaizungusha kwa kalamu. Kihaya hatujui hata salamu, lakini Saida akianza, jamaa anayefua anaacha ndoo. Ile ni ngoma imepigwa na mikono ya watu. Huu wenu umepigwa na kompyuta.

Ndaga_Fijo
Shikamoo mzee. Hujatoa hoja, umetupa umri wako. Sisi wengine Saida tumemjulia kwenye Salome, tukarudi nyuma kumtafuta. Hiyo si faida kwake? 2017 akatoa Orugambo, watu wakasikiliza. Na huyo Rayvanny mnayemuita kompyuta ni kijana wa hapa hapa Mbeya, mwaka huo huo kabeba tuzo ya BET. Halafu tuseme ukweli, yale maneno ya kwenye wimbo, "chambua kama karanga", ni Kiswahili gani? Karanga zinamenywa, hazichambuliwi.

Mama_Ungo
Wewe Ndaga, umewahi kushika ungo, au karanga unazijua kwenye kikaratasi cha mia mbili stendi?

Ndaga_Fijo
Mama, heshima yako ipo. Ganda la karanga unalifanyaje? Unalimenya. Mimi sikutunga lugha.

Mama_Ungo
Kumenya ni la kwanza, nani kakataa? Ukishamenya unamwaga kwenye ungo, unakaa chini, unanyoosha miguu. Unatoa zilizosinyaa, zilizoota ukungu, vijiwe, vipande vya ganda. Kidole kinatembea, kinaruka, kinarudi. HUKO ndiko kuchambua. Sasa mtazame mtu anayecheza ile ngoma ya Saida, halafu uniambie mabega yanafanya nini. Wimbo unakuambia cheza taratibu, kwa kuchagua, wewe unawaza maganda.

Kamwene_Ipogolo
😂 Watu wa Mbeya waacheni, wao wanajua viazi tu. Kiazi hakichambuliwi, kinatumbukizwa.

Ndaga_Fijo
Kamwene, wewe na ulanzi wako kaeni pembeni. Na hayo ya mabega ni tafsiri ya mama, haimo kwenye wimbo.

Bajaji_ya_Sae
Kwetu Vwawa karanga tunasema tunabangua.

Kamwene_Ipogolo
Kubangua ni korosho ndugu yangu. Korosho! Vwawa mnalima korosho lini?

Bajaji_ya_Sae
Bibi yangu kasema kubangua miaka sabini, leo aje kusahihishwa na Ipogolo?

Kamwene_Ipogolo
Mahindi tunapukuchua, maharage tunapura kisha tunapepeta, mpunga tunakoboa. Kila kitu kina neno lake. Bibi namheshimu, lakini hapo aliteleza.

Bajaji_ya_Sae
Bibi yangu marehemu unasema ALITELEZA? Wewe mtu wewe.

Mwana_wa_Kabwe
Jamani, wimbo. Niliuliza wimbo.

Mtu_wa_Tukuyu
Narudi kwenye wimbo. Kurudia si dhambi. Malaika unajulikana dunia nzima kwa sababu Miriam Makeba aliuimba, na Boney M nao wakauimba sabini na kitu. Wangapi humu wameusikia wa Fadhili William wenyewe?

Kaseti_Upande_B
Boney M ni 1981, si sabini. Umejichongea mwenyewe hapo. Makeba alikuwa na sauti, hilo sibishi, lakini Kiswahili si lugha yake. Pale kwenye kidege wanasema neno alilikosea, "nakuwaza" ikawa "hukuwaza", mtu anayemuwaza kidege wake akageuka anamlaumu kidege kwa kutowaza. Dunia ikapiga makofi. Mnakili akishakuwa mkubwa, hata kosa lake linakuwa ndilo wimbo. Ninachoogopa mimi ni hicho, kompyuta nilisema kwa hasira tu.

Ndaga_Fijo
Kwa hiyo kompyuta umeifuta. Asante.

Kaseti_Upande_B
Sijaifuta!

Kamwene_Ipogolo
Na Malaika ni wa Mtanzania, Adam Salim. Andikeni hivyo.

Mtu_wa_Tukuyu
Wakenya wakikusikia. Ule una madai zaidi ya mawili, usituletee mpaka wa nchi hapa.

Sauti_ya_Tatu
Mimi nafundisha kwaya Mbalizi. Wimbo wangu mmoja, nilioutunga usiku nikibembeleza mtoto mwenye degedege, kwaya nyingine imeurekodi. Wameimba vizuri, tena kutuzidi, besi zao zimejaa. Nikafungua video nisome maelezo. "Mtunzi: hajulikani." Mimi, hajulikani! Mimi hapa mtaani najulikana mpaka na mbuzi wa jirani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, kazi ni ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mnabishana upi mtamu. Wa kwao ni mtamu. Ndiyo inayouma.

Bajaji_ya_Sae
Huyo mbuzi si yule mweupe anayelala barabarani? Siku hizi abiria wanampigia picha.

Sauti_ya_Tatu
Ndiye.

Ndaga_Fijo
Mwalimu, pole kwa kweli. Ila lako ni jingine. Salome jina la Saida halikufichwa, kila mtu alijua umetoka kwake. Kwako wamefuta jina. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na daftari lako la nota lenye tarehe.

Sauti_ya_Tatu
Daftari mvua ililiharibu. Na kiongozi wa kwaya ile ni shemeji yangu.

Kamwene_Ipogolo
Hahaa, basi hiyo kesi imeisha.

Mama_Ungo
Haijaisha. Shemeji anaitwa nyumbani, anapikiwa, akishashiba anaulizwa. Tena siku hiyo usimwekee wimbo wowote, aulizwe kukiwa kimya.

Kaseti_Upande_B
Mama, wewe hukusema. Upi?

Mama_Ungo
Harusi ya mwanangu tuliweka ule wa vijana, hata mimi nilisimama, goti hili bovu nililo nalo. Sikatai. Jana jioni nilikuwa na kilo mbili za karanga za kuchambua, za kusaga nitie kwenye mboga. Nikaweka wa vijana kwenye simu. Vidole vikawa vinakimbia, nikajikuta natupa nzuri na kuacha mbovu. Nikabadilisha, nikaweka wa Saida.

Ndaga_Fijo
Ikawaje?

Mama_Ungo
Uliisha sijafika hata nusu ya ungo. Nikaurudisha mwanzo.

Bajaji_ya_Sae
Kuzibangua.

Kamwene_Ipogolo
KOROSHO!