Mrejesho: kibodi ya zamani au iliyogawanyika?

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Kwa waliopitwa: niliuliza nichukue kibodi ya zamani ya IBM Model M au kibodi iliyogawanyika vipande viwili, maana naandika kutwa nzima na vifundo vya mikono vilishaanza kuuma.

Nimezitumia zote mbili. Model M, muundo uliotoka 1985, ni raha tupu kwa vidole. Chini ya kila kitufe kuna springi inayojikunja ghafla ukibonyeza, unasikia "tak!" pale pale herufi inapoingia, huna haja ya kugandamiza kwa nguvu. Aliyenitahadharisha kuhusu plagi yake ya PS/2 (ile ya duara ya kompyuta za zamani) alisema kweli: adapta ya kawaida ya kwenda USB isiyo na saketi ndani haikufanya kazi, ikabidi nitafute kigeuzi chenye chipu yake. Kitufe cha Windows hakipo, wala sijakikumbuka. (Wanaolala chumba cha pili wana maoni yao kuhusu kelele.)

Lakini mikono imechagua ile nyingine. Vipande nimeviachanisha kwa upana wa mabega na kuviinua kidogo upande wa ndani, basi viganja havipindi tena kwenda nje. Herufi B ndiyo iliyonitesa: niliizoea kwa mkono wa kulia, na sasa iko kipande cha kushoto. Maumivu yamepungua sana, ila mguso wake ni kama kubonyeza sponji.

Kwa hiyo kazi ndefu naifanyia kwenye iliyogawanyika, Model M inabaki ya barua fupifupi. Anayejua iliyogawanyika yenye springi za namna ile, anitajie tafadhali.